Mpira wa Maji Juu ya Ukuta wa Bi Mwantumu

Wanangu, mimi nimestaafu, ila hasira zangu bado ziko kazini. Hadi leo nikipita mahali nikaona mchanga umemwagwa, matofali yamepangwa, nondo zimelala zinapata kutu na mafundi wamekaa kivulini wanachezea simu, siulizi kuna nini. Najua. Hakuna maji.

Mwenye nyumba kafikiria kila kitu. Kafikiria rangi ya geti. Kafikiria vigae vya choo cha wageni, na wageni wenyewe kashawaahidi kuwa Pasaka wanalala hapo. Maji hakuyafikiria. Ukimuuliza maji ya kujengea yatatoka wapi, anakutazama kama mtu aliyeulizwa hewa ya kuvuta itatoka wapi. Halafu anakujibu, "Si tutapata tu?" Hilo "tutapata tu" nimelisikia mpaka masikio yameota sugu.

Kwa wale msionijua, mimi ndiye Mama Mbelwa wa Mabawa. Baba yangu alishuka kutoka milima ya Lushoto kuja kukata mkonge, nasi tukazaliwa kambini. Nilipofiwa na mume nikiwa bado kijana, nilianza kubeba ndoo kwenye nyumba zinazojengwa, kama walivyobeba wanawake wengi wa mji huu. Kichwa kilipochoka nikanunua mpira wa maji. Kisha mapipa, kisha tanki, kisha pampu. Kazi yangu ikawa ni hiyo: kuleta maji mahali ambapo nyumba bado haipo, yatumike mpaka nyumba isimame, kisha niukunje mpira wangu niende kwa mwingine. Sikuwa fundi wa kukufungia sinki. Mimi nilikuwa mtu wa maji ya muda.

Na hapo ndipo pa kwanza watu wanaponichefua. Wakisikia "ya muda" wanadhani maana yake ni "ovyo ovyo". Funga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, chomeka kijiti, basi. Wanasahau kwamba hayo maji ya muda ndiyo yanayoingia ndani ya ukuta na kukaa humo maisha yako yote. Maji ya bomba lako la kudumu utaoga, yatakwenda. Maji ya zege hayaendi popote.

Nikitaka kuwaeleza jambo hili vizuri inabidi niwasimulie habari za Bakari na dada yake kule Sahare. Katika miaka yangu yote hakuna saiti iliyonitoa jasho kama ile, na jasho lenyewe halikuwa la kubeba kitu.

Bakari alikuwa dereva wa malori ya masafa. Maisha yake yote alikuwa barabarani, bara huko na nje ya mipaka, na alipofika umri wa kuchoka usukani akarudi kwao Sahare kujenga kwenye nusu ya kiwanja alichorithi kwa baba yake. Alinipigia simu mwenyewe.

"Mama Mbelwa, shikamoo. Nasikia wewe ndiye mwenyewe wa maji. Mimi ninajenga ghorofa moja. Msingi tayari, kuta za chini tayari, maji nilikuwa nanunua ya madumu kidogo kidogo. Sasa nataka kumwaga slabu."

Slabu ni lile zege la juu, dari ya chini na sakafu ya ghorofani kwa pamoja. Ukilianza asubuhi lazima ulimalize siku ile ile. Ukikatisha katikati, sehemu ya kwanza inakauka, ya pili haishiki nayo, na pale zilipokutana utakuwa na ufa mpaka ufe. Kwa hiyo siku ya slabu maji si ya kutafuta. Yawe yapo.

Nilikwenda. Nilimkuta Bakari na fundi wake mkuu, Fundi Hoza, mtu mtulivu tuliyefanya naye kazi sehemu nyingi. Nikazunguka kiwanja kama kawaida yangu. Na mara, jamani, nyuma ya ukuta wa jirani nikasikia maji yanadondoka kwenye ndoo. To, to, to. Nikachungulia. Bomba la uani, koki nzuri, maji yana nguvu.

"Kumbe shida yako imekwisha," nikamwambia. "Tumwombe jirani, nitavusha mpira hapa juu."

Bakari akakunja uso. "Huyo si jirani. Huyo ni dada yangu."

"Basi ndiyo vizuri zaidi!"

"Hatusemezani."

Nikamtazama Fundi Hoza. Fundi Hoza akatazama viatu vyake.

Baadaye, Bakari alipoondoka, Hoza ndiye aliyenieleza. Dada mtu, Bi Mwantumu, ndiye aliyemuuguza baba yao mpaka mwisho, akaachiwa nyumba ya zamani. Bakari akapewa nusu iliyo wazi. Mpakani palikuwa na mfenesi uliopandwa na mama yao. Siku Bakari aliporudi na ramani yake, alileta watu wa msumeno, mti ukalala chini kabla dada yake hajamaliza kuvaa viatu. Tangu siku ile hawakuulizana hali. Ukuta ulipanda, na juu yake Bakari akapanda chupa zilizovunjwa.

Mwe! Nilisema mwenyewe peke yangu pale. Yaani kuna maji hatua chache kutoka kwenye mashine ya zege, na tunayakosa kwa ajili ya fenesi.

Nikamwambia Bakari wazi wazi aende kwa dada yake. Akakataa. Akasema ana njia yake. Baada ya siku chache akanitumia picha kwenye simu, amesimama karibu na shimo, anacheka meno yote nje. Kachimba kisima. Maji yameonekana bila kwenda chini sana.

Sahare ile ni hatua tu kutoka kwenye mikoko. Mnadhani maji yaliyo karibu vile yatakuwa nini? Nilipanda bajaji nikaenda na kipande changu cha sabuni ya kufulia, maana hicho ndicho kipimo changu cha kwanza. Nikachota, nikasugua. Sabuni ikakataa kutoa povu, ikaganda mikononi kama maziwa yaliyoharibika. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Nikatema.

"Chumvi," nikasema.

"Chumvi kidogo," akasema Bakari. "Zege halina ulimi, Mama Mbelwa."

"Halina. Lakini ndani yake kuna nondo, na nondo chumvi inazila. Hutaona leo. Hutaona mwaka ujao. Siku moja utakuwa umelala chini yake, utasikia kitu kimedondoka shukani, uwashe taa ukute kipande cha dari."

Nyumba za namna hiyo nimeziona, na nyinyi mmeziona, pale karibu na bahari. Dari inatema vipande, nondo zinachungulia nyekundu kama mifupa ya samaki wa kuchoma. Watu wanasema ni upepo wa bahari. Wakati mwingine ni upepo kweli. Wakati mwingine ni mtu aliyesema zege halina ulimi.

Bakari hakufurahi. Akaita boza, lile gari la tanki la maji. Boza likaja na maji mazuri kabisa, ila kichochoro cha kwao hakiruhusu gari kubwa, na dereva mzima wa malori alikuwa hakupima kichochoro cha nyumbani kwake! Boza likasimama lami, vibarua wakabeba kwa ndoo, nusu ikamwagika njiani. Kwa kujengea ukuta yangetosha. Kwa slabu, wapi.

Basi nikaamua kwenda mwenyewe kwa Bi Mwantumu, bila kutumwa.

Nilimkuta uani, anachagua mchele kwenye ungo, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kiti. Akaendelea kuchagua mchele.

"Kakutuma," akasema.

"Hakunituma, dada. Nimechoka tu."

Hilo likamfanya anitazame. Nikamweleza kazi yangu na shida yangu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Maji mimi simnyimi mtu," akasema. "Ila aje aniulize. Kwa kinywa chake."

Nikazunguka ukuta. Nikamwambia Bakari. Bakari akasema, "Mwambie bili yake yote nitalipa mimi." Nikazunguka tena. Bi Mwantumu akasema, "Bili yangu nailipa mwenyewe, mwambie nilikuwa nailipa wakati baba anaumwa na yeye yuko huko na malori yake." Nikazunguka. Bakari akasema maneno ambayo sikuyapeleka. Jua lilikuwa kali, magoti yangu mnayajua, na kila nikizunguka nilikuwa nasikia kila mmoja anaongea kwa sauti kubwa makusudi, ili mwenzake asikie kupitia ukutani. Wanasikiana! Na mimi natembezwa kama kishada.

Mwisho Bi Mwantumu akanionea huruma mimi. "Sikiliza, Mama Mbelwa. Maji nakupa wewe. Ukishayapata unayapeleka wapi, mimi sijui."

Alinipa masharti. Mpira usipite mlangoni kwake, upite juu ya ukuta. Koki ataifungua na kuifunga yeye mwenyewe. Na lisidondoke hata tone kwenye kamba yake ya kuanika nguo.

Nikafunga. Na hapa, vijana, nisikilizeni kwa makini, maana kesho mtafunga nyinyi. Mpira hauwekwi tu juu ya ukuta wenye chupa. Nilivunja chupa za sehemu ile, nikatandika vipande vya tairi kuukuu, mpira ukalala juu yake, usisuguane na tofali. Pale panapopita toroli nikaupitisha ndani ya bomba nene, nikalifukia. Kwenye koki nikaweka klipu mbili, si moja, kwa sababu moja huachia ukishageuka mgongo. Mwisho wa mpira nikaufunga kwenye mti juu ya pipa, uning'inie hewani, usiguse maji ya pipani. Nikawaambia vibarua wote mbele ya Fundi Hoza: huu mwisho msiutumbukize ndani. Nguvu ya maji ikishuka, bomba hunyonya. Mtamnywesha mwenye nyumba uchafu wenu.

Wakaitika, "Sawa mama."

Baada ya siku mbili tatu Bi Mwantumu alichungulia juu ya ukuta, kasimama juu ya kinu, mkononi ana kikombe cha chai. Rangi ya chai ilikuwa ya kijivu.

"Mama Mbelwa! Onja."

Sikuhitaji kuonja. Mtu alikuwa kaufungua mpira mtini, kautumbukiza kwenye pipa la udongo wa saruji, kaenda kula. Maji yakapungua nguvu, bomba likanyonya, na Bi Mwantumu akapika chai ya saruji. Ningeomba radhi, yangekwisha. Lakini Bakari alikuwa pale, na Bakari akacheka. Akacheka kwa sauti.

Koki ikafungwa. Palepale.

Ilinichukua siku nzima kuifungua tena. Nilisafisha bomba lake lote, nikamfungia kifaa cha kuzuia maji kurudi, nikamwoshea na sufuria. Akafungua, akasema, "Kwa ajili yako." Nikajaza tanki langu kubwa lililokuwa kwa Bakari mpaka likafurika. Nikawaambia wote: haya ni ya slabu, hakuna mtu kuyagusa.

Asubuhi ya slabu nilifika mapema. Mashine ya kuchanganya ilikuwa inanguruma, vibarua wamejipanga kwenye ngazi na karai zao, kokoto ziko tayari. Nikagonga tanki kwa kiganja, kama ninavyofanya siku zote, kusikia limejaa mpaka wapi. Likaniitikia kama debe tupu. Nikapanda, nikafunua. Nusu.

"Nani katumia maji?"

Nikaona gari la Bakari limeegeshwa kichochoroni, linang'aa kama limetoka dukani leo.

"Leo watu watakuja kuangalia," akasema Bakari. "Nikasema lisafishwe kidogo."

Nilipiga kelele kule kwa Bi Mwantumu afungue koki, akafungua, maji yakaja kwa nguvu, nikasema haya, tutakwenda hivyo hivyo, tanki linatoa na mpira unaongeza. Fundi Hoza akasema bismillahi, karai la kwanza likapanda.

Tulikwenda vizuri mpaka slabu ikafika nusu. Kisha mpira ukakohoa. Ukatema hewa, ukatema maji ya tope, ukanyamaza. Vijana wa bodaboda ndio waliotuletea habari: kule juu kijiko cha kuchimba barabara kilikuwa kimekata bomba kuu, maji yanaruka juu kama chemchemi, mtaa mzima umekauka. Lini litatengenezwa? Nani ajuaye.

Nikatazama tanki. Yamebaki ya kuoshea mikono. Nikampigia dereva wa boza, hapokei. Fundi Hoza akashuka, jasho linamtiririka, akaniambia polepole, "Mama, tukisimama sasa hivi, hii kazi tunaivunja."

Bakari akawa anahangaika huku na huku kwenye kokoto. Mara akasimama. "Kisima," akasema. "Leteni ndoo. Vuteni ya kisima."

Vibarua wawili wakachukua ndoo. Mimi nilikuwa karibu na kisima kuliko wao. Nikaenda, nikakaa juu ya mfuniko.

"Mama Mbelwa, ondoka hapo."

"Siondoki."

"Ni nyumba yangu!"

"Ni yako. Na siku itakapomwangukia mtu, watauliza maji alileta nani. Hawatauliza nyumba ya nani."

Alifoka. Alisema mengi, na mengine mama mtu mzima haambiwi. Mashine ilikuwa inanguruma tupu. Nilikaa pale nimeshika kanga yangu, nikasubiri amalize. Alipopungukiwa pumzi nikamwambia, "Maji matamu yaliyobaki Sahare hii yako sehemu moja. Dada yako ana tanki la chini ya ardhi, limejaa mpaka shingoni. Nililisafisha mwenyewe nilipokuwa nasafisha bomba lake."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu si ya kujengea. Ni ya arusi. Zainabu anaolewa kesho."

Zainabu ni mtoto wa Bi Mwantumu. Kwa maana nyingine, Bakari ni mjomba wa bibi arusi. Aliona viti vinashushwa, alisikia vigelegele, alijua kuna shughuli kwa dada yake. Hakuna aliyemwambia ni ya nani. Niliona uso wake unabadilika.

Akafuta mikono kwenye suruali. Akatoka getini. Nikainuka kwenye mfuniko nikamfuata, maana sikuamini.

Alizunguka ukuta kama nilivyokuwa nazunguka mimi. Akafika mlangoni kwa dada yake, mlango wa nyumba aliyozaliwa, akapiga hodi. Ndani wanawake walikuwa wamejaa, wanakata vitunguu, wanatwanga, wanaimba. Wakanyamaza.

"Nani?" ikaita sauti ya Bi Mwantumu, na alijua vizuri ni nani.

"Bakari."

Akatoka, kisu cha vitunguu mkononi. Wakatazamana.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimekuja kukuuliza."

"Uliza."

"Zege limefika nusu. Maji yamekatika. Naomba maji."

Bi Mwantumu akageuza kisu kile, akakitazama. "Siku ya mfenesi wa mama, hii hodi ilikuwa wapi?"

"Sikupiga."

"Kwa nini?"

"Nilijua utakataa."

"Ningekataa," akasema Bi Mwantumu. "Nawe ungeniuliza tena. Ndivyo watu wanavyofanya, Bakari. Wanauliza tena."

Bakari akainamisha kichwa. Pale mlangoni, mbele ya wanawake wote wale, akasema, "Dada, nakuuliza tena."

Bi Mwantumu akamgeukia mwanamke aliye karibu, akampa kisu. Akaniambia mimi, "Njoo unisaidie kufunua."

Tanki la chini ya ardhi huwezi kulinyonya kwa mpira ukayapandisha maji juu ya ukuta, na pampu yangu siku ile ilikuwa saiti ya Raskazone. Ilibidi tuchote. Vibarua wakaja, lakini nusu yao walitakiwa kwenye ngazi. Basi wanawake wa arusi wakajifunga kanga viunoni, wakajipanga kutoka kwenye tanki hadi ukutani, ndoo zikapita mkono kwa mkono, mwisho zikapokelewa juu ya ukuta na vibarua. Somo wa bibi arusi, kungwi wake, mama mmoja mnene mwenye hina mpaka viwikoni, ndiye aliyekuwa ukutani, anawatukana vibarua wakichelewa. Nyimbo zilianza tena. Sijawahi kuona zege likimwagwa kwa vigelegele, na sidhani nitaona tena.

Slabu ikaisha kabla ya alasiri. Fundi Hoza akaisawazisha, akapiga magoti kuiangalia usawa, akainua kidole gumba. Bi Mwantumu alikuwa amechungulia ndani ya tanki lake. Palibaki utupu na mwangwi.

"Haya," akasema. "Nimelinywesha zege. Mwenye zege bado namtazama."

Na arusi kesho. Bomba bado halijatengenezwa. Sasa nikamuuliza Bakari, mbele ya Hoza, anafikiri watu watakula pilau iliyopikwa kwa maji gani. Nilikuwa nimechoka na sikuuliza kwa upole. Alikwenda akaazima guta, lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo, akapakia madumu yote aliyoyaona, yangu na ya watu.

"Mabawa maji yanatoka?" akaniuliza.

Kwetu yalikuwa yanatoka, tunalishwa na bomba jingine. Nikampa ufunguo wa geti langu.

Mtu aliyeendesha malori makubwa maisha yake yote, nikamwona ameinama juu ya guta la kukanyaga, kutoka Mabawa hadi Sahare, anashuka kusukuma kila penye mwinuko, madumu yanagongana nyuma. Vibarua walitaka kumsaidia, akakataa. Alikwenda na kurudi mpaka jua likazama, na alfajiri nikamsikia tena getini kwangu. Mafundi wa kupika pilau walipowasha kuni, maji ya sufuria yalikuwepo, na ya kunawa wageni pia.

Asubuhi ile Bi Mwantumu akaniita ukutani. "Mama Mbelwa, mwambie kaka yangu mjomba wa bibi arusi haketi nyuma."

Nikakataa. Niliwaka. "Mwambie mwenyewe! Yuko hapo upande wa pili, anamimina maji! Mimi kazi yangu ni mpira!"

Akapaza sauti. "Bakari!"

"Naam!"

"Kanzu unayo?"

"Ninayo, ila haijapigwa pasi."

"Ilete."

Mtadhani mambo yalikwisha hapo, wakawa ndugu wazuri, nami nikapumzika. Hapana. Walipokuwa hawasemezani nilikuwa na amani, sikujua tu. Baada ya arusi walianza kusemezana, na walikuwa na miaka ya maneno waliyoyaweka akiba. Nikawaeleza kwamba slabu lazima inyweshwe maji kila siku kwa wiki nzima na zaidi, isikauke haraka ikapasuka. Basi kila siku nilipofika niliwakuta kila mmoja upande wake wa ukuta, wanagombana. Bi Mwantumu anasema Bakari anamwaga maji kama anaosha meli. Bakari anasema dada anafungua koki kidogo makusudi. Mara dirisha la ghorofani litachungulia uani kwake. Mara jogoo wake anaingia saiti. Na wote wawili wakiniona wananiita niamue. Nilikuwa napitisha kichwa getini, nakagua klipu, naondoka mbio.

Nyumba ikamalizika. Nzuri, lazima niseme. Slabu ile ukiigonga inalia kama kengele. Bakari akaingiziwa maji yake rasmi, na mita yake, na koki zinazong'aa kila chumba. Nikaenda kuchukua mpira wangu, maana nilikuwa nimepata kazi nyingine na ule ndio uliokuwa mrefu kuliko yote niliyonayo.

Nilikuwa nimeshika bisibisi, nimeinama kwenye koki ya uani, Bi Mwantumu akatoka.

"Unaupeleka wapi huo?"

"Kazini, dada. Kaka yako ana maji yake sasa."

"Uache."

Juu yetu dirisha la ghorofani likafunguka, Bakari akatoa kichwa. "Mama Mbelwa! Usiuguse huo mpira!"

"Una koki jikoni, una koki bafuni, una koki nje! Unautakia nini?"

"Ya chai nachota ya dada. Yana ladha."

"Yanatoka kwenye bomba moja la barabarani!" nikapiga kelele. "Yako na yake! Bomba moja!"

"Najua," akasema Bakari.

Nikamtazama Bi Mwantumu, nikidhani yeye angalau ataniunga mkono. Alikuwa anakunja kanga zake kutoka kwenye kamba, anatazama pembeni.

"Asubuhi huniita nimfungulie," akasema. "Asipoita nitajuaje kama kaamka?"

Klipu moja ilikuwa imeanza kuvuja. Nikaikaza, nikafuta mikono, nikaita bajaji inipeleke mjini kununua mpira mwingine.